Mpaka Ulioitwa Maua

Saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi ya Jumapili, mume wa shemeji yangu aliinua jembe na kung'oa mmea wa kwanza. Saa naijua kwa sababu kazi hiyo ilirekodiwa kwa simu, na simu yenyewe iliandika saa pembeni mwa picha. Wakati huo mimi, mke wangu na mama mkwe tulikuwa kanisani tukisikiliza matangazo ya ndoa. Wao wawili walibaki nyumbani. Shemeji alikuwa ametueleza tangu jana yake kwamba siku hizi wao husali shambani, karibu na udongo. Mama mkwe alimwambia, "Basi msalimieni udongo," akachukua rozari yake akatoka.

Shemeji huyu ni mdogo wa mke wangu, wa tumbo moja. Ameishi Ulaya kwa miaka mingi na ameolewa hukohuko na mzungu. Mwaka huo walituandikia kwamba wanakuja Morogoro kwa likizo ya kazi: watakaa milimani kwa mama, watalima naye, watakula anachokula, na wataishi maisha ya kawaida pamoja na ndugu na marafiki. Mke wangu alinisomea ujumbe ule mara mbili. Mara ya pili nilimwomba arudie maneno "likizo ya kazi" peke yake.

Mimi ni fundi wa mashine za kusaga nafaka, hapa mjini. Shule niliishia darasa la saba, na mengine niliyasoma mwenyewe, kwa hiyo nina tabia ya kulikalia neno mpaka linieleze maana yake. Hili halikunieleza. Nawajua watu wanaofanya kazi bila likizo, nao ni wengi. Nawajua wachache wenye likizo bila kazi. Lakini sikuwa nimekutana na mtu anayelipa nauli ya ndege ili aje kulima bure shamba ambalo mwenyewe, kama angekuwa na fedha hiyo, angeacha kulilima.

Tuliwapeleka mimi na mke wangu, tukipita Mzumbe na kupanda upande wa Mgeta mpaka gari lilipokoma, kisha tukashuka kwa miguu na mabegi yao. Tuliamua kukaa nao, kwa sababu mama mkwe ana shinikizo la damu na tulijua angetaka kuwatumikia wageni kuliko nguvu zake.

Siku ya kwanza alikamata jogoo. Shemeji akamzuia. "Mama, hatutaki chakula cha wageni. Tunataka mnachokula kila siku."

"Kila siku tunakula mboga."

"Hiyohiyo."

"Nikupikie mkwe wangu mboga siku anayofika? Watu watasema nini?"

"Watasema tunaishi kama nyinyi."

Jogoo alipona. Mama mkwe hakupona. Alikaa jikoni akichambua majani ya maboga kana kwamba ametukanwa, na kwa hesabu za huku alikuwa ametukanwa kweli. Mtu akikukatalia kuku wako amekwambia kwamba wewe ni maskini na yeye amekwisha kuona.

Siku ya tatu mwanyumba wangu, ndivyo tunavyoitana wanaume tuliooa ndugu, alitoka chumbani amevaa buti mpya za mpira. Alikuwa amejifunza Kiswahili katika simu, na huko alikuwa ameokota msemo.

"Mama, mgeni siku mbili. Siku ya tatu, mpe jembe. Leo ni ya tatu. Naomba jembe."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mhimili wa mlango. "Jamani, baba! Msemo ule ni wa kumfukuza mgeni kwa adabu!"

"Anasema nini?" mzungu akamuuliza mkewe.

"Anasema karibu sana shambani."

Nilimsikia akitafsiri hivyo. Nilidhani ni adabu ya mke kwa mumewe. Baadaye niligundua kwamba ndivyo alivyotafsiri kila kitu: chochote mama alichosema, kikitoka upande wa pili kilikuwa kitamu.

Alipewa jembe. Alilima kama mtu anayeua nyoka, kwa nguvu nyingi na macho yametoka, akafuata mteremko badala ya kuukata, na mifereji yake ikaelekea chini ambako mvua ya kwanza ingeusomba udongo wote. Mkewe alimpiga picha. Ilipofika saa tano waliingia ndani kupumzika na kuzungumza na marafiki zao wa Ulaya kwenye simu. Mchana, walipolala, mama mkwe alirudi shambani na kuyapanga matuta upya. Mke wangu alimfuata, nami nikamfuata mke wangu. Ikawa ndiyo ratiba: asubuhi wageni walifanya likizo ya kazi, na mchana sisi tulifanya kazi ya likizo yao.

Rafiki yake mama, mwanamke mmoja mwenye ulimi ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya korongo, alikuja jioni kutazama.

"Shoga, huyu mkwe wako amekosa nini huko kwao?"

"Hakukosa kitu. Ametoka kupumzika."

"Kwa jembe?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi Mungu ana mzaha. Wao wakichoka na mashine wanafuata majembe. Sisi tukichoka na majembe tufuate nini?" Akamgeukia mzungu na kumwambia kwa sauti, kama anayesema na kiziwi, "Baba, ukimaliza hapa, kwangu pia kuna likizo! Kuna viazi!"

"Asante sana!" akajibu mzungu kwa furaha. Watu wote uani walicheka, na yeye akacheka nao.

Sasa nilieleze shamba lenyewe, maana bila kulijua mtu hataona hasara iko wapi. Ni kipande cha mlimani kinachoteremka hadi kijito. Ni mali ya ukoo wa mama mkwe kwa upande wa mama yake, kama ardhi nyingi ya Waluguru. Sisi wanaume tuliooa tunalima juu yake kama wageni wa muda mrefu. Upande wa mashariki kuna shamba la jirani, mzee mmoja mpole wa sauti. Maji ya mfereji hupita kwanza kwake, kisha huingia kwa mama mkwe na kujaa katika kidimbwi alichokichimba mwenyewe alipokuwa na nguvu. Kidimbwi hicho kiko hatua chache tu ndani ya mpaka. Kiangazi, kabichi za wasio na maji zinapokwisha, za mama mkwe huteremka sokoni kwa bei nzuri. Kwa kabichi hizo ananunua dawa zake, analipa vibarua, na hamwombi mtoto yeyote hata chumvi. Akipoteza kidimbwi, atabaki na mteremko mkavu na simu ya kuombea watoto fedha. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa kuliko ugonjwa.

Mpaka wenyewe ulikuwa mstari wa mimea ya majani marefu, kutoka juu hadi kijitoni. Mmea huo haufi kwa jua, haufi kwa moto wa kuchomea majani, na ukikatwa huchipua. Mjini unauzwa kando ya barabara ndani ya vikopo, kupamba uwanja wa nyumba. Huku mlimani hakuna anayeupanda kwa uzuri wake, na sijasikia ukiitwa jina jingine isipokuwa mpaka. Mtoto akitumwa atasema, "Nimemkuta bibi karibu na mpaka," akimaanisha mmea.

Shemeji yangu alipelekwa shule ya bweni mjini akiwa mdogo, na baada ya hapo alikuja kijijini kwa Krismasi tu. Yeye alilijua jina la mjini: maua.

Tuliporudi kutoka kanisani alitukuta njiani ameshika simu usoni mwetu. "Mama, fumba macho! Dada, mshike mkono!"

Mama mkwe alifumba macho. Tulimwongoza mpaka uani. Alipofumbua aliona mimea yake imepangwa safu mbili kuanzia njiani hadi mlangoni, imemwagiliwa maji, na kila mmoja umezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa.

"Mmeutoa wapi huu mpaka?" aliuliza.

"Mpaka gani, mama? Ni yale maua ya kule shambani. Yalikuwa yamejificha, hakuna anayeyaona. Sasa utayaona kila ukifungua mlango."

Mama mkwe aliweka mkoba wake chini, palepale kwenye vumbi, akaanza kuteremka kwenda shambani na viatu vyake vya kanisani. Mzungu aliniuliza kwa Kiingereza kama amefurahi. Kiingereza changu ni cha vitabu vya mashine, lakini kinatosha kusema hapana.

Kung'oa peke yake kungeweza kurekebishwa, mashimo yangebaki. Lakini hawa walikuwa watu wa usafi. Walikuwa wamesawazisha mstari mzima kwa jembe, wakalainisha udongo, wakamwagilia, ili pawe bustani moja nzuri. Upande huu na upande ule palikuwa sawasawa kama kitanda kilichotandikwa.

Jirani alikuwa amesimama kwake, mikono mgongoni.

"Tumsifu Yesu Kristo," mama mkwe akamsalimu.

"Milele amina. Naona leo mmefanya usafi."

"Ni wageni, ndugu yangu. Hawajui. Tutaurudisha mpaka pamoja, wewe na mimi."

"Mpaka uko pale pale, dada." Alionyesha kwa kidevu rundo refu la mawe ndani ya shamba la mama mkwe, mawe ambayo mama alikuwa akiyatoa ardhini na kuyatupa upande kila msimu. Rundo lilikuwa ndani zaidi kuliko kidimbwi. Mpaka ukiwa pale, kidimbwi kingebaki upande wa jirani. "Yale yaliyong'olewa yalikuwa maua."

"Yameanza lini kuwa maua?"

"Leo asubuhi. Binti yako ametangaza dunia nzima. Nimeona kwenye simu ya mjukuu wangu, tena na muziki."

Ilikuwa kweli. Hata kabla ya sisi kutoka kanisani, video ilikuwa imekwisha kurushwa. Shemeji anaonekana akitabasamu, nyuma yake mumewe analima, naye anasema kwa Kiswahili safi: "Mama yangu alikuwa na maua katikati ya shamba, leo tunamhamishia nyumbani." Katikati ya shamba! Si pembeni. Jirani hakuhitaji wakili.

Sina hasira kubwa na yule mzee. Mtu aliyetamani kidimbwi kwa miaka mingi, siku moja akakuta mlango umeng'olewa na bawaba zake, ataingia. Namdharau kwa kiasi cha kawaida, kama ninavyomdharau mtu anayepunja mizani. Dharau yangu iliyobaki niliiweka kwa wengine.

Kesho yake jirani alikuwa amepanda maharage mpaka kwenye mawe. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja, akatazama, akasema baraza litakaa Jumatano. Mke wangu alitaka tuirudishe mimea mahali pake. Mwenyekiti akamkataza: mpaka unaopandwa na upande mmoja ni ugomvi, si mpaka. Akaongeza jambo ambalo ndilo lililokuwa na uzito. "Aliyeng'oa aje aonyeshe alipong'oa. Akisema mbele ya wazee kwamba aling'oa mpaka kwa kutojua, na akasimama mahali penyewe, mzee huyu hana neno. Wazee watapanda."

Kwa hiyo kilichotakiwa kilikuwa mtu mmoja, sentensi moja, na hatua chache za kusimama juu ya udongo. Lakini wageni walikuwa waondoke Jumanne kwenda Mikumi kutazama wanyama.

Nilikuwepo mke wangu alipozungumza na mdogo wake, wameketi kwenye kizingiti cha jikoni.

"Mbaki siku moja tu. Jumatano mchana nawasindikiza mimi mwenyewe."

"Dada, tumeshalipia hoteli."

"Nitakurudishia."

"Si fedha. Ni mpango."

"Basi rekodi nyingine. Sema, nilikosea, ule ni mpaka wa mama. Uweke palepale ulipoweka ile."

Shemeji alifuta kioo cha simu kwa kanga. "Unajua ile video imependwa kiasi gani? Wakwe zangu wote wameiona. Mama mkwe wangu amelia. Sasa niwaambie nini? Kwamba tumekuja kumwibia mama shamba?"

"Uwaambie ulichofanya."

"Mimi sikujua. Siwezi kuomba msamaha kwa kitu nisichokijua."

"Usiombe msamaha. Sema ulipong'oa."

"Mtamalizana tu, dada. Huku watu si wanamalizana kindugu? Ndiyo uzuri wa huku."

Mke wangu aliinuka. Ni mwanamke mvumilivu, na tangu tuoane nimemsikia akitukana mara chache sana. Siku ile alisema neno moja la Kiluguru ambalo sitaliandika, na shemeji, aliyesahau Kiluguru chote, alilielewa.

Nimtendee haki mwanyumba wangu. Alipoelezwa na mimi, polepole, kwa Kiingereza changu cha gia na mikanda, alikaa chini na kushika kichwa. Alisema atabaki. Alisema yeye ndiye aliyeng'oa na anapakumbuka kila mahali. Nilimwamini. Kisha akaingia chumbani kuzungumza na mkewe, na alipotoka alikuwa amebeba begi. Nia njema alikuwa nayo. Ilipanda gari pamoja na mizigo.

Kabla ya kuondoka alimshika mama mkwe mikono miwili na kusema, "Samahani, mama. Bei gani?"

Mama mkwe hakumjibu. Alimtazama binti yake akisubiri tafsiri ya kimya chake, na binti yake akasema, "Anasema mwende salama."

Jumatano tulikaa chini ya paa la ofisi ya kitongoji. Mjomba wa mke wangu, kaka yake mama mkwe, ndiye ambaye kwa desturi angesema kwa niaba ya ukoo. Yeye analima mpunga Turiani, na alituma ujumbe kwamba magoti yanamsumbua, tumalizane vizuri. Baadaye nilisikia kwamba shemeji alimwahidi simu. Sijui kama ni kweli, ila magoti yale yalimfikisha Dumila mnadani wiki ileile.

Jirani hakusema mengi. Aliinua simu ya mjukuu wake, akaiongeza sauti, na wazee wakasogeza vichwa. "Mama yangu alikuwa na maua katikati ya shamba..." Muziki ukapiga. Mzee mmoja aliomba irudiwe, si kwa ajili ya kesi, ila kwa sababu alipenda muziki.

Niliinuka kusema kwamba binti hakuyajua matumizi ya mmea ule, na kwamba kila mtu pale alikuwa na mmea huohuo kwenye mpaka wake.

"Kaa, mkwe," mwenyekiti akaniambia bila ubaya. "Wewe kwenye ukoo huu umekuja kwa miguu. Hukunyonya hapa."

"Aliyenyonya hapa amesema maua," jirani akadakia, na watu wakacheka.

Mke wangu alinyonya hapo, naye alisema, na alisema vizuri. Alieleza ni wangapi wamezikwa wakiuheshimu mpaka ule. Wazee walitikisa vichwa kwa huzuni, kwa sababu walijua anasema kweli. Lakini hakuwepo pale wakati wa kung'oa, kwa hiyo hakuweza kusema ni wapi hasa, na kila mzee alikuwa na jirani yake wa kuishi naye. Wakaamua kwamba mawe yashike nafasi ya mpaka mpaka siku aliyeng'oa atakapokuja mwenyewe kuonyesha. Nilisikia "mpaka" mara mbili katika hukumu ile, na hakuna aliyetabasamu.

Mke wangu alimpigia mdogo wake palepale. Simu ilipatikana, walikuwa mbugani, kulikuwa na upepo. Alimweleza kilichoamuliwa na kumwambia bado inawezekana: Mikumi si mbali, apande gari, aje asimame dakika moja kwenye udongo wa mama yake. Shemeji alisema atafikiria. Akasema pia kwamba wamewaona tembo.

Hawakupita tena. Walirudi Ulaya kupitia Dar es Salaam. Wiki moja baadaye simu ya mama mkwe ililia ikiwa imeingiziwa shilingi laki mbili na nusu, na ujumbe kwamba ni za "kurekebisha bustani". Mama mkwe alinipa simu nimsomee, kwa sababu miwani yake ilikuwa imepinda.

"Hajasema neno la mpaka?"

"Hapana, mama."

"Soma tena."

Nilisoma tena. Alichukua simu, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda kukata mimea yote iliyokuwa imepangwa mlangoni. Itachipua, ndivyo ilivyo, lakini alitaka kuikata.

Video bado ipo. Niliitazama juzi. Watu wanaendelea kuandika chini yake kwamba Mungu awabariki watoto wanaokumbuka wazazi wao.

Kiangazi hicho kabichi zilizokuwa upande wa kidimbwi alizivuna jirani, na zilizokuwa juu zilikauka. Kwa bei ya soko ya wiki ile, mazao yote aliyoyapoteza mama mkwe yalikuwa ya shilingi laki nane na elfu sitini. Ukitoa zile laki mbili na nusu za bustani, mama mkwe amepoteza, kwa msimu wa kwanza peke yake, shilingi laki sita na elfu kumi.